Ekseli ya Mbele ya Dodge ya Babu

Baba yangu hajawahi kuniambia ndiyo maishani mwangu. Hapana pia hakuniambia, na hapo ndipo nilipoingia mkenge.

Watu wa kwetu, huku mashariki ya Montana, maneno hawayapendi. Ukimwomba jirani trekta, anatazama mawingu, anakohoa, anakuuliza habari za ng'ombe wako, na kesho yake unalikuta trekta uani. Asiyetaka ndiye anayesema, tena anasema haraka ili usipoteze muda. Kwa hiyo siku niliposimama mbele ya baba kwenye banda la magari nikamwambia, "Baba, nikiitoa hii Dodge mavumbini, nikaifunga ekseli ya mbele yenye breki za kueleweka, iwe yangu," naye akavua kofia, akajikuna upara, akairudisha kofia kichwani kisha akanipa spana aliyokuwa ameishika, mimi nilihesabu nimepewa. Mtu yeyote wa kwetu angehesabu hivyo.

Ranchi ilikuwa ya Kip. Hilo halikuwa na mjadala tangu siku mdogo wangu alipozaliwa mvulana. Nyumba, malisho, ng'ombe, mpaka mbwa. Mimi Dagny, mtoto wa kwanza, niliyekuwa nikivuta ndama matumboni mwa mama zao tangu nina meno ya utoto, sikuwa na fungu. Nilihamia mjini nikapata kazi ya kuchomelea vyuma, nikaolewa, nikaachwa, na kila Jumamosi nikarudi nyumbani kusaidia. Sikudai ardhi. Nilitaka kitu kimoja tu cha pale kiitwe changu, na kitu chenyewe kilikuwa ile Dodge, lori la mwaka hamsini na tatu lililogeuzwa kiota cha kuku.

Babu ndiye aliyelinunua. Lilikuwa linapanda popote, hata mahali farasi anapofikiria mara mbili. Shida yake kushuka. Breki zake za mbele, zile za ngoma za kizamani, zilikuwa zimechoka kabisa. Ukikanyaga, lori linakuvuta kushoto kama ng'ombe aliyenusa maji, na mafuta yanavuja kwenye vifundo vya magurudumu mpaka njia nzima inajua umepita. Kip alishawahi kulitia mtaroni akiwa kijana. Tangu hapo halikuguswa.

Ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya mbele, niliipata kwa Wendell Pruitt, kwenye yadi yake ya magari yaliyokufa karibu na reli. Kwa Wendell unafungua mwenyewe, yeye anakaa kibandani na kukucheka.

"Unataka nini, mama?"

"Ekseli ya mbele ya ile pikapu ya kijani. Ile yenye breki za diski."

"Mumeo yuko wapi akusaidie?"

"Muulize aliyemchukua."

"Aisee. Basi itakukalia kifuani, nije nikufukue kwa beleshi."

"Ukija kunifukua, njoo na kahawa."

Mchana alikuja kweli, kahawa mkono mmoja na jeki mkono wa pili, akalala kwenye tope kando yangu na tumbo lake lote. Mzee mzima wa watu.

"Meno ya difu umehesabu?" akaniuliza.

"Nimehesabu."

"Maana ya mbele yasipolingana na ya nyuma, siku ukiyatia magurudumu yote manne yavute kwenye ardhi kavu, gari litajikaba lenyewe roho."

"Wendell, nimepiga chaki kwenye gurudumu na kwenye propela shafti, nimezungusha, nimehesabu. Yanalingana. Shika huku, acha kunihubiria."

Majira yote ya baridi nilikuwa chini ya lile lori. Ekseli ya pikapu haikuwa imezaliwa kukaa kwenye springi za Dodge, kwa hiyo nilikata vikalio vyake vyote na kuchomelea vipya. Mara ya kwanza nilikosea. Niliinamisha ekseli ili propela, ile fimbo ndefu inayoleta nguvu ya injini, ipate njia iliyonyooka, nikasahau kwamba mwinamo huohuo ndio unaoupa usukani akili. Nilipolitoa barabarani, magurudumu ya mbele yalianza kutetemeka mpaka nikadhani meno yangu yatamwagika. Nikarudi, nikakata, nikapima upya, nikachomelea tena. Vidole vilipasuka kwa baridi. Sikujali.

Na baba alikuwa anakuja. Hilo ndilo lililonimaliza. Kila Jumamosi aliingia na kikombe chake, akageuza ndoo akakalia, akanitazama nikifanya kazi. Safari moja alileta taa ya kuning'iniza, akaifunga juu ya kichwa changu ili nione vizuri, akarudi kwenye ndoo yake. Nilikuwa na furaha wakati ule, sina sababu ya kuficha. Nilikuwa nimemaliza miaka arobaini na mitatu duniani, na baba yangu ananishikia taa.

Theluji ilipoyeyuka mimi na baba tulilipakia mawe, tukapanda kilima cha nyuma ya kisima, kile ambacho kila mtu anashuka akiwa ameuma meno. Katikati ya mteremko nilikanyaga breki. Lori likasimama. Halikwenda kushoto, halikwenda kulia, lilisimama tu kama limeambiwa.

Baba akafungua mlango, akachungulia gurudumu la mbele.

"Limesimama," akasema.

Kwa baba, hiyo ni hotuba. Nililia nikijifanya nafuta vumbi.

Mwezi wa tano ndio wa kupiga ndama chapa. Majirani wote wanakuja na farasi na kamba zao, kesho nasi tunakwenda kwao, hakuna anayemlipa mwenzake. Mchana watu walikuwa wamekaa kwenye meza ndefu, nyama ya ng'ombe, maharagwe, saladi ya viazi, na ile sahani ya korodani za ndama waliohasiwa asubuhi, zilizokaangwa, ambayo kila mwaka lazima mgeni mmoja adanganywe kuwa ni kuku. Nilikuwa nimeliegesha lori pale karibu na uzio, limeoshwa, walione.

Baba akasimama. Baba hasimami mezani. Nikaweka uma chini, nikaanza hata kufuta mikono kwenye suruali.

"Kip anatimiza arobaini wiki hii," akasema. "Dodge ya babu ni yake."

Akatoa ufunguo mfukoni, akaurusha kupita juu ya kichwa changu. Kip akaudaka. Watu wakapiga makofi na miluzi.

"Nani kaitengeneza?" akauliza Marvin Skaar, jirani yetu wa upande wa kusini. "Naona imekaa sawasawa."

"Tumeitengeneza hapahapa nyumbani," akasema baba, akaketi.

Nilimfuata bandani walipoanza kula pai.

"Baba, tulipatana."

"Tulipatana nini?"

"Lori ni langu. Nilikwambia siku ile, ukanipa spana."

"Nilisema ni lako?"

"Hukusema kitu."

"Haya."

"Baba! Wewe husemi kitu ukikubali! Maisha yako yote!"

Alinitazama kwa upole, na ule upole ndio siwezi kuusamehe. Angenifokea ningejua la kufanya.

"Dagny mwanangu, ungelipeleka wapi? Ukaliegeshe chini ya ghorofa huko mjini? Lori ni la ranchi, na ranchi ni ya Kip." Akainua ile ndoo, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu. "Mimi nilidhani unajishughulisha tu. Tangu yule bwana aondoke ulikuwa huna pa kuweka mikono. Nikasema acha ajiliwaze."

Akatoka.

Wageni walipoondoka nililala chini ya lori na spana yangu. Ekseli ilikuwa yangu. Niliifungua mwenyewe kwenye tope la Wendell, nikaikata mwenyewe, nikaiunga mwenyewe. Lori lingebaki limepiga magoti uani, na wao wangelitazama mpaka wachoke. Nikafungua nati ya kwanza. Ya pili ilikuwa imekaza, nikawa naisukuma kwa miguu yote miwili, nalia kwa hasira, ndipo nikaona buti za Kip.

"Dada, unakagua? Afadhali. Baba kasema unionyeshe mambo ya beringi."

Kip si mtu mbaya. Ni mtu ambaye hajawahi kunyimwa, basi hajui mnyimwaji anafananaje. Alichuchumaa pale akitabasamu, na nyuma yake wanawe wawili walikuwa wameshapanda lori, wanarukaruka.

Nikaikaza ile nati.

Nikamwonyesha. Unakaza nati ya beringi mpaka gurudumu liwe zito, unailegeza kidogo, unazungusha, unasikiliza, ndipo unafunga ya pili juu yake. Nilitamani kumficha hatua moja, hata moja tu, nikashindwa. Mikono yangu haijui kufanya kazi nusu. Nilipoinua macho nikaona anachezea simu.

"Kip, unanisikia? Kila mwaka kabla ya theluji, lazima."

"Kwani si utakuja mwenyewe?"

"Sitakuja."

Akacheka. Alidhani natania.

"Sitakuja, Kip. Tafuta fundi."

"Atakuja," ikasema sauti ya baba mlangoni. Hakuwa anazungumza na mimi, wala hakunitazama. Alikuwa anachukua kamba ukutani. "Lile lori haliguswi na mtu mwingine."

Akaenda zake na kamba.

Mwezi wa kumi nilikwenda. Nilijiambia nakwenda kwa ajili ya watoto wa Kip, na mtu akiniuliza ndivyo ninavyojibu. Si kweli. Nilikwenda kwa sababu yale aliyoyasema mlangoni ndiyo maneno mazuri kuliko yote baba yangu aliyowahi kusema juu yangu, na mpaka leo, kila nikiyakumbuka, nafurahi kwanza. Hasira inakuja baadaye.