Shingo ya Chuma

...na robo mzunguko mwingine, polepole, mkono wa mashine una baridi kiganjani mwake, kipande cha chuma kimebanwa juu na chini, kinavutwa na hakisemi kitu, wanafunzi ishirini na wawili wamemzunguka wamebana pumzi, na yeye Mwalimu, miaka kumi na tisa akizungusha mashine hii hii, leo anapoteza hesabu kwa sababu Fundi wa karakana amesimama mlangoni, kofia mkononi, akijifanya amekuja kutazama jaribio, wakati jana saa nane, mashine yake ya kukereza ikivuma, alimwambia, Mwalimu, sisi ni watu wazima, naomba tuoane, usinijibu sasa, nijibu kesho baada ya kipindi... baada ya kipindi, yaani dakika kumi na mbili zijazo, na jibu ameshaliandaa, hapana ya heshima, hapana yenye shukrani, robo nyingine, "Mwalimu, mshale wa kipimo umesimama!" ndiyo, umesimama, "chuma kimekubali," anawaambia, "sasa hata tukikiachia hakirudi urefu wake wa mwanzo, na kuanzia hapa, kadiri kinavyovutwa ndivyo kinavyozidi kuwa kigumu," maneno aliyoyasema miaka kumi na tisa bila kuyasikia, na leo ameyasikia, kinazidi kuwa kigumu, maana nani alimlea binti peke yake, nani alihama nyumba tatu na godoro kichwani, na binti huyo huyo asubuhi kacheka mpaka chai ikamtoka puani, "Mama, na mikunjo yote hiyo bado unaposwa? Kubali bwana, kabla hajanunua miwani," mtoto hana adabu, sijui kamrithi nani... lakini chaki, chaki aliyoivunja mwanzo wa kipindi kuwaonyesha tofauti yake na chuma, tak, vipande viwili, bila dalili, ndivyo alivyoondoka baba yake binti, Jumanne moja, ametulia tuli, pasi aliyonyooshea shati ikiwa bado ya moto, wala hawakuwa wamegombana, na miaka mingi alijiuliza alikosea wapi, siku hizi hajiulizi, huenda naye yule bwana alikuwa anavutwa na kitu asichokuwa na maneno ya kukisema, basi, ila tangu hapo anaogopa wanaume waliotulia, na Fundi jana alitulia mno, aliposa kama mtu anayeagiza misumari... "Mwalimu, mshale unarudi nyuma, mashine imeharibika!" "Haijaharibika, tazameni kipande," wanainama wote kwa pamoja, vichwa vinagongana, kumbe kimeanza kukonda sehemu moja, kimetoa shingo, "kinakonda kama mimi wakati wa mitihani," anasema yule mrefu wanayemwita Kamusi, wanacheka, halafu zogo, kwa kuwa kila mwaka kila mmoja hutia alama ya wino mahali anapodhani chuma kitakatikia, anayepatia hafagii darasa wiki nzima, na mwaka huu wino wote umejazana katikati, shingo imetokea huku juu ambako hakuna alama hata moja, "Tumeibiwa!" "Nani kakuibia, wewe ulifuata alama yangu," na chuma huanza kukonda pale palipo pembamba kuliko kwingine, hilo analijua, lakini vipande vya Fundi havina palipo pembamba, miaka mitatu havijawahi kupishana hata unene wa unywele, ndiyo maana leo hakukipima, kazi ya Fundi haipimwi... "Fundi, si umekikereza wewe hiki?" Kamusi anauliza, "Mimi." "Sasa mbona hapa juu pamepungua?" "Mkono uliteleza." "Mkono wako? Acha utani, Fundi!" "Jana uliteleza," anasema, anaikagua kofia yake kama vile haijui, "kama saa nane hivi," na kati ya wale ishirini na wawili hakuna aliyeelewa, wanabishana nani atafagia, ni Mwalimu peke yake, furaha inampanda kutoka nyayoni, saa nane, kumbe ile sauti ilitulia na uso ukatulia lakini mkono ulishindwa kusema uongo, ukaacha alama kwenye chuma, na chuma kimekaa usiku kucha na siri hiyo mpaka kilipovutwa mbele ya darasa zima, ee, mtu mzima mwenye mvi, mkono umemteleza kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, naye anaitafuta ile hapana ya heshima, anaitafuta kweli, kila alipoiweka, haipo, kuna kicheko tu kinachotaka kutoka, anakibana kwa meno... "Mwalimu, zungusha basi, kikatike!" "Tulieni, kina haraka gani?" mkono wa mashine sasa una joto la kiganja chake, robo nyingine, shingo inazidi kukonda na bado imeshika, "Fundi," anasema bila kugeuka, "sogea uone vizuri, usisimame mlangoni," anasikia hatua, wanafunzi wanampisha, kofia inagusa ukingo wa meza karibu na kiwiko chake, na chuma bado kimeshika.