Saa ya Misa ya Rahel

Tereza alikaa ukingoni mwa benchi la mpika chapati kama mtu aliyekalia siafu. Chai yake ilipoa bila kuguswa. Ng'ambo ya geti la mpaka la Kasesya, Zambia ilikuwa pale pale, taksi za kwenda Mbala anaziona kwa macho yake, na mumewe Alphonce anaagiza chapati ya pili!

"Baba Rahel, twende."

"Twende wapi? Misa ni saa tano. Toka hapa hadi Mbala ni mwendo mfupi tu. Haraka haraka haina baraka."

Siku hiyo binti yao alikuwa anaolewa Mbala na kijana wa huko huko. Kwa miaka miwili Alphonce aliapa kwamba hatakanyaga harusi hiyo. Hakumlea mtoto kijijini Msanzi, alisema, ili akawapikie watu wa nchi nyingine. Hakumpigia simu Rahel, wala hakupokea zake. Kisha wiki hiyo, bila kubembelezwa na mtu, akatoa koti sandukuni akamwambia mkewe alinyooshe. Tereza alilia juu ya pasi. Akampigia binti yake: baba yako anakuja, atakuingiza kanisani mwenyewe. Rahel akasema misa ni saa nne.

Hapo ndipo Alphonce alipoingiza ujuzi wake. Ujanani alivusha maharage mpakani, na hakuna alichojivunia kama kujua saa za nchi mbili. "Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja," alimfundisha mkewe kwa mara nyingine. "Wao wakisema saa nne, kwetu ni saa tano." Hesabu haikuwa na dosari. Lakini roho ya Tereza ilikuwa juu juu tangu walipotoka nyumbani.

"Ngoja nimuulize Rahel. Kuuliza si ujinga."

"Utamtia mtoto wasiwasi bure siku ya harusi yake. Mtu anayejua saa haulizi saa."

Ndivyo alivyokuwa. Katika ndoa yao yote Tereza hakuwahi kumsikia akikiri kosa. Hata siku aliyosahau kufunga ghala na mbegu zikaliwa, waliokosea ni mbuzi.

Simu ikaita.

"Mama, mko wapi? Padri ameshavaa, watu wamekaa."

"Tuko Kasesya, mwanangu. Misa si saa tano?"

"Saa nne, mama! Saa nne ya Tanzania. Nilishawabadilishia mimi, ili baba asisumbuke na hesabu."

Binti alisogeza saa kwa upendo, baba akaisogeza tena kwa majivuno, na yeye aliyekuwa na wasiwasi akanyamazishwa kwa chapati. Alimkasirikia mumewe hadi macho yakamwasha.

Sauti ya Rahel ilishuka. "Kumbe amekataa tena. Usimtafutie sababu, mama. Mwambie nimeelewa. Nitaingia peke yangu."

Tereza aliibandika simu kwenye sikio la mumewe na kuishikilia pale. "Anasema umekataa tena," akamwambia.

Alphonce alitazama geti, akamtazama mpika chapati, akamtazama mkewe. Alikuwa anatafuta wa kumlaumu, na Tereza alimwona kabisa akitafuta.

"Rahel," alisema. Jina hilo alikuwa hajalitamka kwa miaka miwili. "Sijakataa, mwanangu. Nimekosea saa. Mimi mwenyewe nimekosea. Na kabla ya saa nilikosea mengine."

Tereza alisogeza kichwa chake karibu na simu. Akamsikia binti yake akivuta kamasi, kisha akiwaambia watu kwa Kimambwe, lugha ya huko Mbala, ambayo Mfipa kama Tereza hahitaji mkalimani kuielewa: "Hatuanzi. Baba yangu yuko njiani."

Alphonce alisimama hata benchi likaanguka. Chapati ilibaki mezani, kofia yake ikabaki pia, na Tereza alilazimika kukimbia ili amfikie. Simu ilishakatika, lakini mzee aliendelea kuishika sikioni. Alipita getini katikati ya malori akiwa hivyo hivyo, machozi yakimtiririka mbele za watu, akirudia, "Nakuja, mwanangu. Nakuja."