Nyasi za Plastiki za Baba Ponsian

Eufrazia alikuwa amechoka. Haukuwa uchovu wa siku moja, ule unaokwisha mtu akilala. Huu ulikuwa umehamia ndani yake na kujitafutia chumba. Kiuno kilimuuma akiinama, kikamuuma akiinuka, na bado kila alfajiri alishika fagio akafagia uwanja kuanzia mlangoni mpaka barabarani, maana mwanawe Ponsian angeweza kurudi siku yoyote.

Huko Ilembo, mpita njia huisoma nyumba kwa uwanja wake. Uwanja mweupe uliofagiliwa, wenyewe wapo. Uwanja ulioota majani, wenyewe wamehama au wamekufa. Na tangu watu walipoamriwa kuhamia vijiji vya ujamaa, mahame yalikuwa yamejaa njia nzima hata yakachosha macho: nyasi mpaka mlangoni, paa limebonyea, kimya. Eufrazia hakutaka mwanawe aione nyumba yao hivyo.

Ponsian aliondoka baada ya kuacha masomo ya upadri seminarini. Baba yake, Melkior, mwashi wa misheni, mtu wa rozari na hasira, alimwambia mbele ya majirani, "Usikanyage uwanja wangu nikiwa hai." Kijana akapanda treni kwenda Tabora, na tangu hapo hata salamu hazikuja. Melkior alijuta kabla jua halijazama, lakini kwa mwanamume yule kusema samahani ilikuwa kama kung'olewa jino. Alichojua ni kujenga. Alijenga choo kipya, akajenga banda la kuku, na kila alichojenga, Eufrazia ndiye aliyeshika upande wa pili.

Basi mwaka huo wa sabini na sita akarudi kutoka misheni na mzigo mrefu begani, umeviringishwa kama mkeka. Ulitoka kwenye makasha ya misaada ya wakimbizi wa Katumba. Nani huko Ulaya aliyedhani mkimbizi ana shida ya nyasi za plastiki, Mungu ndiye ajuaye. Wakimbizi wenyewe walicheka. Nyasi walikuwa nazo tele, wakizipalilia kutwa mpaka mikono inatoka malengelenge. Padri naye hakujua azipeleke wapi, akamwambia Melkior achukue.

"Mama Ponsian," Melkior alisema akitua mzigo, "hutafagia tena."

Eufrazia aliutazama ule ukijani, akaona kizunguzungu. "Baba Ponsian, nyasi mlangoni? Watu watasema tumekufa."

"Watu gani? Kila mtu ataona ni zulia. Acha kiuno chako kipumzike."

Hilo la kiuno ndilo lililomshinda. Tangu waoane hakuwahi kumsikia mumewe akikitaja kiuno chake kwa huruma. Alimpenda kwa neno lile, na akakasirika kwamba amempenda, maana alijua kazi inakuja.

Nayo ilikuja. Kwanza uwanja ulikwanguliwa na kila kokoto ikaokotwa, kwa sababu, alisema Melkior, kokoto moja ikibaki chini itatokeza kama chunusi. Kisha ukaletwa mchanga wa mtoni, na aliyeubeba kwa ndoo kichwani si mwashi wa misheni. Melkior akausawazisha kwa ubao na pima maji, akaushindilia kwa gogo. Nyasi wakazitandaza juani zilegee, maana zilikuwa zimezoea kuviringishwa, kila ukiziachia zinajikunja tena. Vilikuwa vipande viwili. Melkior alivilaza vibaya, majani ya kimoja yakaelekea mlangoni na ya kingine barabarani, wakavibandua, wakaanza upya. Mshono akaushona kwa uzi wa nyavu kutoka kwa wavuvi wa Ikola, na kingo akazipigilia vigingi.

"Vuta, mama."

"Nimevuta."

"Vuta tena."

"Baba Ponsian, nikivuta zaidi nitang'oka mimi."

Walipomaliza, mbuzi wa jirani yao Makoye alikuja, akanusa, akatafuna, akatema, akamwangalia Melkior kwa dharau. Eufrazia alicheka mpaka akashika kiuno. Asubuhi iliyofuata hakufagia. Alilala hadi jua likamkuta kitandani, na moyo ukawa unamsuta, ila hakuusikiliza.

Mpunga ulikuwa umeanza kuiva, na ndege hawana huruma. Wakafunga mlango kwa kufuli, wakaenda kulala dunguni shambani, wakishinda kutwa kupiga debe na kupiga kelele. Waliporudi walikuwa hawana sauti. Eufrazia alikuwa hata hajawasha moto aliposikia hodi.

Alikuwa mwanamke mgeni hapo Ilembo, Skolastika, aliyeuza maandazi stesheni. Mkononi alikuwa na bakuli la unga.

"Shikamoo, mama. Samahani, naulizia penye msiba. Kila ninayemuuliza ananishangaa."

"Msiba wa nani?"

"Jina silijui. Kuna kijana pale stesheni anangoja treni. Amefiwa na baba na mama. Katoka Tabora kuja kuwaona, kafika hapo barabarani tu, kakuta kwao kumeota majani mpaka mlangoni na kufuli juu. Hakuwa na nguvu ya kusogea. Nikamwambia aulize majirani, akasema aliowajua wamehamishwa, na yeye anaona haya. Nikasema basi, walau nipeleke unga wa matanga."

Eufrazia alitazama miguu ya yule mwanamke. Ilikuwa imesimama juu ya nyasi za Melkior.

"Huyo kijana," alisema polepole, "ana kovu hapa, juu ya jicho?"

"Analo. Unamjua, mama?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Eufrazia hakulia. Alishikwa na hasira: kwa mumewe, kwa watu wa Ulaya, na zaidi kwa kiuno chake mwenyewe kilichotaka kupumzika. Nyuma yake Melkior alikuwa amesikia yote. Alikaa chini pale pale kizingitini kama mtu aliyekatwa miguu.

"Nilimwambia asikanyage nikiwa hai," alisema. "Hata nilipokufa hakukanyaga."

"Inuka. Utajililia njiani. Skolastika, treni imeondoka?"

"Nilipotoka walikuwa wanapakia mizigo."

"Tangulia," Eufrazia alimwambia mumewe. "Una miguu mizuri kuliko mimi."

Melkior alitikisa kichwa. "Siwezi kumwona peke yangu."

Basi wakaenda kwa mwendo wa Eufrazia, mwendo wa kuchechemea, kila hatua ikimchoma mpaka kisogoni. Treni ilikuwa bado ipo, injini ikitoa moshi. Alipita chini ya madirisha ya daraja la tatu akiita jina, na abiria wakimwangalia. Dirisha la mwisho alimwona. Alikuwa amekonda, na kichwa kilikuwa kimenyolewa kwa wembe, kinang'aa, na vidonda vidogo vidogo vibichi. Kwao mtoto hunyoa hivyo akifiwa na mzazi.

Ponsian alisimama, akakaa, akasimama tena. Akatoa mkono dirishani akamgusa mama yake shavuni kwa ncha za vidole.

"Nimeshawanyolea," alisema. "Nyie wote wawili. Nimeshamaliza kuwalilia."

"Naona," alisema Eufrazia, na sauti iliyoharibiwa na ndege ikamkatika. "Wembe wenyewe ulikuwa butu."

Kijana alimwangalia baba yake, kisha akaangalia chini. Filimbi ya gadi ililia. Melkior alivua kofia, akasogea mpaka kifua kikagusa behewa.

"Mwanangu," alisema, "yule baba uliyemnyolea, muache huko huko alikokufa. Usimfufue."

Treni ilijivuta kidogo, ikasita. Ponsian aliinama chini ya kiti, akainuka na kifurushi chake, akakipitisha dirishani, na Melkior akakipokea kwa mikono miwili.