Mkanda wa Mutahi

Niliuzamisha mkanda ndani ya beseni, nikausugua kwa sabuni ya kipande, nikaukamua, na maji yakabaki safi. Niliinama nikayatazama tena. Ovaroli ya Mutahi ilikuwa imetoa maji meusi mara tatu, na gambuti zake zilitoa matope ya Mukurweini nzima. Lakini mkanda wa usalama, ule wa kujifunga mtu anapofanya kazi juu, ulitoa povu jeupe tu. Nilisimama pale nyuma ya jiko, mikono inachuruzika maji, nikajua ule mkanda haukuwahi kuvaliwa, na kwamba tumechezewa.

Ilikuwa Jumamosi, siku moja baada ya kumzika. Mutahi, mume wangu, alikuwa ameanguka kutoka paa la kiwanda cha kahawa alipokuwa akibadilisha mabati. Mama mkwe hakutaka nguo za mwanawe zigawiwe zikiwa na jasho lake, kwa hiyo nilifua kila kitu bila kuuliza.

Jumatano ya wiki hiyo, kabla ya mazishi, Miriti, msimamizi wake kazini, alikuja na mfuko na karatasi. Miriti alikuwa amekaa nasi kila jioni ya matanga. Alilia hadharani, akaongoza maombi, akatutafutia basi la kwenda mochari. Mtu wa namna hiyo unamshuku vipi?

"Mama Anita, weka tu sahihi hapa," aliniambia. "Ni ya kuonyesha umepata vitu yake yote."

Niliisoma. Vitu vya marehemu: ovaroli moja, gambuti, kofia ngumu, mkanda wa usalama mmoja.

Kabla sijashika kalamu aliingia mwanamke nisiyemjua, amejitanda mtandio wa kijani, macho amepaka wanja. Alisema anaitwa Zuena, ametoka Nyeri mjini, amesikia habari za Mutahi. Akaniomba tuongee kando.

Sasa niambie. Mwanamke mrembo, mgeni, anakuja kwenye matanga ya mume wako kutoka mjini, na anataka muongee kando. Nimehudhuria matanga ya kutosha kujua kinachofuata: huwa kuna mtoto, na mtoto huwa na pua ya marehemu.

"Wewe ulikuwa nani wake?" nilimuuliza mbele ya watu.

"Sikuwahi kumwona, dada. Bwana yangu Junaid alianguka kwa mjengo. Hiyo karatasi usiweke sahihi. Mimi pia waliniletea."

"Ati hakuwahi kumwona," mama mkwe akadakia, "na njia ya hapa alionyeshwa na nani?"

Wanawake waliokuwa wakimenya viazi walicheka. Nilichukua kalamu ya Miriti nikaandika jina langu kwa herufi kubwa, kwa hasira, huku nikimkazia Zuena macho. Aliondoka bila kunywa chai. Miriti alikunja karatasi mara mbili na kuitia mfukoni.

Baada ya kufua, sikulala vizuri mpaka Jumatatu. Asubuhi hiyo nilienda Nyeri na mkanda kwenye mfuko, nikaulizaulizia mtaa wa Majengo mpaka nikamkuta Zuena kwenye cherehani yake. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Alifunika cherehani, akanisindikiza hadi ofisi ya leba, ile ya serikali inayoshughulikia wafanyakazi.

Nakala ya karatasi yangu ilikuwa imenitangulia. Afisa aliugeuza mkanda mikononi.

"Uliuosha?"

"Niliuosha."

"Na hii sahihi?"

"Ni yangu."

Hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani kabla ya kuongea. "Mama, kwa karatasi umesema alikuwa na mkanda. Halafu unaniletea mkanda umefuliwa. Sasa mimi nitaandika nini?"

Ben, aliyekuwa na Mutahi juu ya paa, alikataa kuja kusema lolote. Bado alikuwa na kazi pale, na simlaumu sana, ingawa nikikutana naye sokoni sisimami. Ripoti ilitoka: marehemu alipewa mkanda, akakataa kuuvaa. Mutahi wangu, ambaye hakupanda hata bodaboda bila kudai helmeti!

Ni miaka minne sasa. Mimi na Zuena huenda kwenye nyumba kama yangu, Othaya, Karatina, popote tunaposikia mtu amefia kazini. Tunajaribu kufika kabla ya mfuko na karatasi. Nikiingia hutazama kwanza nani ameshika maiki, maana siku hizi simwamini mtu anayelia kuliko wenye msiba. Ninawaambia wasifue kitu, wasitie sahihi. Wengi hunitazama kama mwizi, na mara mbili nimefukuzwa. Lakini Machi mwaka huu, Nkirote wa Kutus alitia ovaroli ya mumewe kwenye gunia, chafu vilevile, bila alama yoyote ya mkanda, akaifikisha ofisini. Kazi ilisimamishwa kwenye mjengo ule mpaka kila fundi akapata mkanda wake. Siku hiyo nililia kwa furaha, kisha nikalia kwa wivu, na sioni haya kusema hivyo.

Anita ana miaka kumi na tatu. Juzi aliitoa ripoti ya babake kabatini, akaisoma yote akiwa amesimama.

"Mama, ni ukweli baba alikataa?"

"Hapana," nilimwambia. "Mimi ndiye nilikubali."