Mota ya Tela na Neno la Laobani

Mota ilipiga yowe, na Mama akanitazama mimi.

"Kissa, umeweka nini humo?"

Nakiri kwamba muhula uliopita niliweka kokoto kwenye feni ya matroni, nikasimamishwa shule wiki mbili kwa sababu ya utafiti huo. Lakini mchana ule, nyuma ya maghala ya Zhanqian Road, mjini Guangzhou, China, sikuwa na hatia yoyote, jambo lililonishangaza hata mimi.

Tela lilikuwa jiko la magurudumu, lenye dirisha la kuuzia chipsi. Mama aliuza kiwanja cha Tukuyu ili alinunue. Chini yake kulikuwa na mota ya kusukuma magurudumu, unaiongoza kwa rimoti. Lilitakiwa livuke barabara na kupanda mbao hadi ndani ya kontena la kwenda Dar kabla halijafungwa saa nane. Ilikuwa saa saba na robo. Hatua sitini kutoka geti la maghala, polisi walikuwa wakikagua pasipoti za Waafrika, kama kila siku mwaka ule wa 2009. Viza yangu ilikuwa nzima. Ya Mama ilikwisha Jumanne.

"Tusukume kwa mikono," alisema Mama.

"Mama Kissa, hili lina kilo mia tisa," alisema Abass, mfanyabiashara wa Unguja tuliyepanga naye hoteli moja. "Na mimi kiuno changu unakijua."

Nikaingia uvunguni. Hakukuwa na jiwe kati ya tairi na rola, ile silinda ya mota inayolizungusha. Abass akakaza bolti zote, yowe. Nikaitenga rola na tairi, ikazunguka peke yake. Yowe lile lile. Basi ugonjwa ulikuwa ndani ya sanduku la gia.

Laobani, yaani bosi aliyetuuzia, akaja na bakuli lake la tambi. Akasikiliza, akasema, "Mei you."

Mama akakaa juu ya robota la jinzi. Hilo ndilo neno la kwanza ambalo mgeni hulijua Guangzhou. Saizi hakuna, rangi hakuna, punguzo hakuna: mei you.

"Anasema spea hana," Mama alisema. "Nimekwisha." Hakulia. Alianza kukunja ncha ya kitenge chake, akaikunja tena, na tena.

Laobani alirudia polepole, kama anayefundisha mbuzi. Akachovya kidole kwenye mchuzi, kikatoka kinang'aa, akakipaka kwenye sanduku la gia.

"Anko Abass," niliuliza, "mafuta wanayaitaje?"

Abass akafumba macho. "You. Subhanallah. Anasema haina mafuta. Miaka mitatu niko hapa, na mimi nimesikia anakataa."

Fundi cherehani wa jirani alitupatia kichupa cha mafuta ya mashine yake. Mepesi mno kwa gia, lakini yangefika ng'ambo ya barabara. Nikayamimina kwenye tundu la bolti. Mota ikanguruma kwa adabu, kama mwanafunzi mbele ya mgeni rasmi.

Mama akajificha ndani ya tela. Abass akawaendea polisi na pasipoti yake kabla hawajamwita, akawashikilia kwa maneno. Nikabonyeza rimoti. Tela likavuka, likapanda, likaingia. Kisha polisi mmoja akamwacha Abass, akaja kusimama pale pale kwenye kontena, akawasha sigara.

Nilisubiri aondoke. Hakuondoka. Wapakiaji wakafunga mlango wa kwanza, kisha wa pili. Mama hakugonga; bila shaka alikuwa anaisikia sauti ya yule polisi. Mpakiaji akatoa sili ya chuma, ile isiyofunguliwa hadi bandari ya mwisho. Safari ya Dar kwa meli ni siku thelathini.

Ofisini kwa mwalimu mkuu nimeshatoka mara kumi na moja kwa uongo wa hali ya juu. Nilitafuta hata mmoja, wa kiwango cha chini. Sikuupata.

"Mama yangu yumo ndani," nilisema. Hakuna aliyeelewa. Nikaupiga mlango kwa ngumi zote mbili, nikiita Mama, hadi wakafungua.

Alishuka ameloa jasho. Akalitazama tela, akamtazama polisi, akanitazama mimi.

"Usilie. Waambie wafunge upesi," alisema. "Saa nane inakaribia."

Akafungua mkoba na kumpa polisi pasipoti yake.