Kuku, Kamba na Bomba la Turbo

Uvumi wenyewe ulikuwa hivi: mtaa wa pili kulikuwa na kijana aliyebadilisha bomba la moshi la gari lake la turbo nyumbani kwao. Alipoliwasha, turbo ikamfyonza paka mzima mzima. Paka aliingia kwa mbele akatokea kwa nyuma, na tangu siku hiyo gari likipanda mlima linalia nyau.

Mama Sponji, fundi wa magodoro, aliusikia Jumanne, akiwa amepiga magoti juu ya godoro la mteja, sindano ndefu mkononi. Alicheka mpaka uzi ukakatika. Alipokuwa anatunga uzi mwingine akaacha kucheka. Alijua ni porojo iliyotiwa chumvi, tena chumvi ya mawe, lakini uvumi ule ulimganda kama kupe. Alikwenda nao sokoni, akarudi nao, akapika nao.

Sababu ilikuwa moja tu. Mtoto wake wa pekee alikuwa na gari la turbo, na Jumamosi hiyo hiyo alikuwa anabadilisha bomba la moshi palepale nyumbani.

Mtoto mwenyewe alikuwa binti, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na hakuna aliyemwita kwa jina lingine ila Spana. Gari lake lilikuwa dogo, jekundu, kuukuu, na alilipenda kiasi kwamba mama yake alishakata tamaa ya kumwona akimtazama mwanamume yeyote kwa macho yale.

"Mwanangu, hiyo turbo kazi yake nini hasa?" mama aliuliza Ijumaa, akijifanya anapanga vyombo.

"Ni kama feni, mama. Moshi ukitoka kwenye injini unaizungusha, nayo inaisukumia injini hewa nyingi zaidi. Sasa bomba la zamani ni jembamba, gari linapumua kama mtu mwenye mafua. Nikiliwekea pana, pua inazibuka."

"Na hiyo hewa inaitoa wapi?"

"Inaivuta kutoka nje."

"Inaivuta," mama alirudia polepole, akageuka kumtazama kuku wake.

Kuku huyo alikuwa mwekundu mwenye kishungi, naye walimwita Shangazi kwa jinsi alivyopenda kuingilia mambo yasiyomhusu. Wakati huo Shangazi alikuwa analalia mayai ndani ya tairi bovu, kwenye kona ya banda la gari, na ukimsogelea anakudonoa. Kumhamisha hakukuwezekana. Mama alijaribu mara mbili, akabaki na alama mbili mkononi.

Jumamosi asubuhi Spana alinyanyua gari kwa jeki, akaliweka juu ya stendi nne za chuma alizozichomelea mwenyewe, akalisukuma huku na huku kuhakikisha halichezi. Akachomoa waya wa betri kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea. Akavaa miwani, glavu na aproni ya ngozi. Mama alisimama mlangoni akiangalia kila hatua, na kwa kweli hakuona pa kulaumu, jambo lililomwudhi kidogo.

Baba yake Spana, kinyozi, alifunga kibanda chake cha kunyolea siku nzima ili aje kushika tochi. Kwa furaha alikuwa kama aliyealikwa harusini. Kila boliti ikilegea anashangilia.

"Hiyo imetoka! Imetoka hiyo! Mama Spana, njoo uone, imetoka!"

"Nimeiona, baba Spana. Shika tochi vizuri, unamulika dari."

Kufikia alasiri bomba jipya, linalong'aa kama sufuria ya bibi harusi, lilikuwa limeshuka kutoka kwenye turbo mpaka katikati ya gari. Ilibaki sailensa ya nyuma, ile ya kupunguza kelele, lakini kwanza Spana alitaka kuwasha injini asikilize kama maungio yanavuja.

Hapo ndipo likaja suala la Mwalimu. Mwalimu alikuwa jirani, mstaafu, mtu wa chai na redio. Wiki iliyopita Spana aliwasha gari uani bila sailensa, miwani ya Mwalimu ikadondoka ndani ya kikombe. Alikuja pale ukutani na miwani inachuruzika chai, akasema kwa upole wa kutisha kwamba akisikia tena ngurumo ile, anakwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa.

"Hatasikia," alisema Mama Sponji. "Niachieni mimi."

Mama alikuwa bingwa wa magodoro, na siku hiyo ubingwa ulimpanda kichwani. Alisimamisha magodoro sita kuzunguka kuta za banda. Akakata vipande vya sponji akaziba matundu ya hewa, moja baada ya jingine, akivisukuma kwa mpini wa ufagio. Chini ya mlango akaviringisha blanketi. Alirudi nyuma akatazama kazi yake, mikono kiunoni, meno yote nje. Hata mbu angebisha hodi.

"Mama, acheni mlango wazi kidogo," Spana alisema.

"Ili Mwalimu asikie?"

"Dakika mbili tu, mwanangu," baba alidakia. "Tunawasha, tunasikiliza, tunazima. Dakika mbili!"

Spana akatazama saa, akatazama bomba lake jipya, akacheka. "Haya. Mbili."

Lakini mama hakuwa amesahau paka. Akiona haya, kabla ya kutoka alimfunga Shangazi kamba ya kushonea mguuni, ile nene, akaipitisha chini ya blanketi mpaka nje. Turbo ikianza kuvuta, naye atavuta. Spana alipouona mpango huo aliketi sakafuni akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mama! Turbo ni ndogo kuliko ngumi! Shangazi ataingia wapi?"

"Yule paka naye aliingia wapi? Washa gari lako, mimi na kamba yangu tuko nje."

Akakaa kwenye ndoo uani, kamba imezungushwa kidoleni. Ndani Spana alirudishia waya wa betri, injini ikawaka. Nje ilisikika kama mtu anayekoroma chumba cha tatu, basi. Mama akatazama ukuta wa Mwalimu. Kimya. Redio tu. Alitamani kucheza.

Ndani, sauti ilikuwa tamu. Spana akikanyaga mafuta, turbo inapiga mluzi mwembamba kisha bomba linaitikia kwa besi. Baba alipiga makofi, tochi ikaanguka. "Tena!" Dakika mbili zikapita. "Tena kidogo!" Zikapita tano.

Kila baada ya muda mama alivuta kamba kidogo, na Shangazi, kwa hasira ya mama mzazi aliyesumbuliwa, anaivuta upande wake. Mama anavuta, kuku anavuta. Mama akaanza kuona raha, akawa anacheka peke yake pale kwenye ndoo kama aliyetekenywa.

Akavuta tena. Kamba ikaja kirahisi.

Akavuta zaidi. Kulikuwa na uzito, lakini haukubishana naye.

"Imemfyonza!" alipiga ukelele. "Baba Spana! Turbo imemla Shangazi!"

Hakuna aliyejibu. Mume wake hakuwa amewahi kukosa jibu tangu amwoe.

Hakukumbuka baadaye alivyoufungua mlango. Alikumbuka hewa nzito ya joto, Shangazi amelala ubavu kando ya tairi, mbawa zimetandazika, na mumewe ameketi sakafuni akiegemea godoro, anatabasamu kwa macho yaliyofumba nusu. Spana alikuwa amepiga magoti karibu na mlango wa gari, mkono umenyooka kutafuta funguo asizifikie.

"Mama, miguu yangu imekuwa pamba," alisema, kama anayesimulia ya mtu mwingine.

Mama alizuia pumzi. Alizungusha funguo, injini ikazima. Akamshika binti kwapani akamburura mpaka uani. Alipogeuka kumfuata mumewe alimkuta Mwalimu ameshatangulia, anamvuta kinyozi kwa kola, mwenyewe bado ndani ya pajama ya usingizi wa mchana. Alikuwa amesikia ule ukelele kuhusu Shangazi, akadhani kuna mwanamke ameliwa.

"Yuko wapi shangazi yenu?" alihema.

Mama akanyoosha kidole. Mwalimu akamtazama kuku. Akavua miwani, akaifuta, akamtazama tena.

Waliwalaza chini ya anga, wakawapepea, Mwalimu akatafuta gari la kuwapeleka zahanati. Walivishwa barakoa za oksijeni mpaka jioni, vichwa vinawagonga, baba ametapika mara mbili. Daktari aliwaeleza: moshi wa gari una sumu isiyo na rangi wala harufu. Haikabi koo, inalaza tu. Dakika kumi zaidi na angekuwa anazungumza na mama peke yake.

"Matundu ya hewa yalikuwa wapi?" aliuliza.

Mama Sponji akainua mkono kama mtoto darasani. "Niliyaziba mimi. Kwa sponji. Niliziba vizuri sana." Hapo machozi yakamshuka, kwa sababu siku nne nzima aliogopa kitu ambacho hakipo, na mikono yake mwenyewe ikashona kilichopo.

Spana akasogeza barakoa pembeni. "Bila kamba yako, mama..." Hakumaliza. Alianza kucheka, baba akafuata ndani ya barakoa yake, ho-ho-ho kama anayecheka kisimani, mama akacheka na kulia kwa pamoja, mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha.

Nyumbani walimkuta Shangazi amesimama katikati ya uani, kamba mguuni, amenuna. Aliwapita bila salamu akarudi kwenye mayai yake.

Jumamosi iliyofuata Spana alimalizia kazi nje, sailensa ikakaa mahali pake, na Mwalimu mwenyewe akaja kusikiliza akasema inavumilika. Mama alipanda kiti cha mbele. Barabara ilipofunguka, turbo ikapiga mluzi, mgongo ukamgandia kitini, tumbo likabaki nyuma, akapiga kelele iliyomshtua Spana.

"Nipunguze, mama?"

"Nani kasema upunguze?"

Aliporudi, nywele zimesimama, alichukua kipande cha boksi na kalamu nene, akaandika, akakigongomelea kwenye mlango wa banda. Kila fundi anayepita hulazimishwa kukisoma kwa sauti:

YA KUEPUKA

Usiwashe gari ndani ya banda, hata mlango ukiwa wazi. Litoe nje.
Usizibe matundu ya hewa kwa ajili ya jirani. Muombe radhi jirani.
Usiamini dakika mbili.
Usingoje harufu. Kichwa kikiuma au miguu ikilegea, toka nje kwanza, uulize baadaye.
Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.
Usichomelee kabla hujachomoa betri.
Usiguse bomba lililotoka kuwaka. Baba Spana ana kovu, ataonyesha.
Usifanye kazi hii bila mtu nje anayekuita kila mara na kungoja ujibu.
Usimfunge kuku kamba. Mtoe nje, hata akikudonoa.