Chumba cha Dawa Kilivyopungua

Asubuhi ya siku ya kutembelea wafungwa, mshonaji alikaa mlangoni penye mwanga akapunguza suruali ya mumewe kwa mara ya tatu. Alifumua pindo, akakata, akashona upya. Kilichobaki kingemtosha mtoto wa chekechea. Mama mkwe, aliyembeba mjukuu mgongoni, alichungulia.

"Kiuno usikikaze sana, mwanangu. Hata awe mdogo vipi, tumbo lile nalijua mimi niliyelizaa."

Mshonaji alicheka, na sindano ikamdunga.

Gerezani kulikuwa na chumba kimoja cha kuwatibu walionaswa na unga. Kila asubuhi muuguzi aliwapa dawa ya maji, ili arosto, yale maumivu ya kukosa unga, isiwavunje mifupa. Mchana walikaa na mnasihi wakazungumza. Sharti lilikuwa moja: ukishakunywa, useme neno, muuguzi asikie, asije mtu akaibana dawa shavuni akaenda kuiuza. Asiyesikika alihesabiwa hakumeza, na asiyemeza alitolewa. Wengine walisema "amina", wengine "haya basi". Mume wa mshonaji alitaja jina la utani la binti yake: "Kipusa."

Wafadhili walipopunguza mchango wao, chumba nacho kilipungua. Kuta zilisogea, dari likashuka, vitanda vikafupika, na waliokuwamo wakapungua pamoja na vitanda vyao. Fundi wa majengo aliitwa, akagonga gonga, akasema hakuna ufa. Mkuu wa gereza akaagiza mlango upakwe rangi.

Aliyetaka kutoka hakuzuiwa. Ukihamia bweni kuu, ulirudia kimo chako kabla ya chai. Ila bweni kuu hakukuwa na dawa. Kulikuwa na unga, na huo haukukosekana hata siku moja. Chumbani kulikuwa na mfungwa waliyemwita Mlingoti, aliyeona aibu kuwafikia wafungwa wa bweni kuu magotini. Akatoka, akarefuka, akajinyoosha uani kama paka, watu wakampongeza. Juma lililofuata alipita langoni juu ya machela, amefunikwa shuka. Shuka halikumtosha. Miguu ilikuwa nje.

Mshonaji alikuwa kwenye foleni siku ile. Aliiona miguu.

Langoni askari aliinua suruali kwa vidole viwili.

"Shemeji, hii ya mwanasesere?"

"Ya mume wangu, afande."

"Haya, pita. Angalia usimkanyage."

Katika chumba cha wageni, wavu wa zamani uliowatenga wafungwa na jamaa zao ulikuwa umeondolewa. Katika safari iliyopita mumewe alikuwa amepitisha mkono mpaka begani ili amshike mtoto shavu. Sasa paling'aa wavu mpya wa matundu madogo, kutoka ukuta hadi ukuta. Fedha za wavu zilipatikana wiki ileile. Muuguzi, aliyekuwa ameomba vikombe vidogo vya dawa tangu mwaka jana, alikuwa anafagia vipande vya waya.

Mumewe alisimama juu ya kiti ili waonane.

"Mama Kipusa, gego lake limetoka lile?"

"Limetoka. Kamng'ata bibi yake."

"Safi sana." Alicheka, kisha akashusha sauti. "Wanapunguza tena. Jumatatu. Nitoke au nibaki? Sema wewe."

Mshonaji alimtazama macho. Yalikuwa meupe, yametulia. Enzi za unga, mtu huyu alibeba cherehani ya mkewe mchana kweupe akaiuza, na akamwita mtoto "hicho kitu kinacholia". Kifungo chake kingekwisha mwaka ambao Kipusa angeanza shule. Mshonaji alikuwa ameshamweleza mtoto kwamba baba ndiye atakayempeleka.

"Ukitoka nitakuzika," alisema. "Baki."

"Nguo je?"

"Kushona ni kazi yangu. Wewe meza dawa."

Jumatatu kuta zilisogea.

Katikati ya wiki wafadhili walikuja na miwani ya kukuzia. Walipiga magoti, wakachungulia, wakafurahi. Hakuna hata mmoja chumbani aliyerudia unga. Walivutiwa pia kwamba tone moja la dawa sasa lilitosha watu wengi, na wakaona hapana haja ya kutoa kiasi kilekile mwaka ujao. Waliambiwa kwamba wavu wa wageni nao ulikuwa umebadilishwa. Wakapongeza.

Safari iliyofuata mshonaji alikwenda na mtoto. Chumba cha dawa kilikuwa juu ya meza ya muuguzi, hakizidi kasha la viatu. Mbele yake palikuwa na kitambaa cha waya, kama cha kuchujia chai. Mkuu wa gereza alikuwa akipita, mshonaji akamwamkia na kumwuliza kama kifungo nacho kimepungua.

"Kifungo ni miaka, mama," alijibu kwa upole. "Si kimo."

Dawa ilikuwa imechelewa siku hiyo kwa sababu vikombe vilikuwa vikubwa mno, watu wangezama. Mshonaji alivua kastabini aliyoisahau kidoleni, kikofia cha chuma kinachomkinga asidungwe, akampa muuguzi. Muuguzi aliidondoshea dawa, akafungua mlango wa waya kwa ukucha, akaisukuma ndani. Wanaume wa kimo cha kidole gumba walipanga foleni, wakanywa kwa viganja. "Amina," walisema. "Haya basi." Muuguzi aliinama akawasikia, kwa taabu.

Zamu ya mumewe ilifika. Alikunywa. Mdomo ukafunguka, ukafumba.

"Sijasikia," alisema muuguzi.

Mdomo ulifunguka tena. Askari alizishika funguo zake zisilie. Mshonaji alizuia pumzi. Kipusa alikuwa sakafuni, anachezea kamba ya kiatu cha askari.

"Dada, sijasikia. Unajua sharti."

"Sista, tafadhali. Mara moja tu," alisihi mshonaji.

Muuguzi aliinama hadi sikio likagusa waya. Mdomo ulifunguka mara ya tatu.

"Abee!" aliitika Kipusa kutoka sakafuni, kama alivyofundishwa na bibi yake. Akainuka, akaenda mezani, akasimama kwa vidole vya miguu kumtafuta aliyemwita.

Muuguzi alimtazama mtoto, kisha akajifuta macho kwa mkono wa sare.

"Amemeza," alisema. "Leo amemeza."

Siku ya wageni ilikuwa moja tu kwa wiki. Hakuna aliyeitaja kesho, Kipusa asipokuwapo kusikia. Muuguzi alifunga mlango mdogo kwa ukucha, na askari akaanza kuita jamaa wa mfungwa mwingine.

Nyumbani mshonaji alikaa tena mlangoni penye mwanga. Kutoka kwenye kola ya shati la zamani la mumewe alikata kipande, na katika kipande hicho akatoa shati zima. Mama mkwe alichungulia, akasogea ili asimzibie mwanga. Mshonaji alimwaga sindano zake zote mapajani, akachagua ile nyembamba kuliko zote, akaitia uzi, akaanza kushona. Nyembamba kuliko hiyo alikuwa ameshaiulizia. Haitengenezwi.